Kansa ya kongosho ipi? Mamdogo, vitumbua vya chumvi na seli 500

Mamdogo wangu anapika vitumbua Buguruni, kaanza hiyo kazi mimi niko darasa la pili na sa hivi nina watoto wawili, kwa hiyo nikisema mkono wake haukosei kipimo nina maana haukosei kweli. Anakoroga unga saa kumi alfajiri, gizani, hata umeme ukikatika hashtuki. Sasa siku moja wateja wakaanza kurudi mmoja mmoja na vitumbua mkononi, wameuma kidogo wameacha, vina chumvi haviliki. Kamimina chumvi kikombe kizima pale pa sukari. Alipoulizwa akawa anatazama tu, jasho linamtiririka mpaka kanga imelowa mgongoni, maneno hayaungani, mara anamwita binti yake kwa jina la bibi yetu marehemu wa Kilwa. Wakamkalisha kwenye kigoda wakampa chai, na chai ya pale mnajua ilivyo na sukari, baada ya dakika kama kumi na tano akauliza kwani mbona mnaniangalia hivyo?

Ile chai ilikuwa imeshatoa jibu. Sisi tukaipita, tukazunguka karibu miaka miwili.

Mzunguko wenyewe ni ule ambao kila mtu wa Dar anaujua. Jasho na kuchanganyikiwa, kwanza ni malaria, kapimwa hana, kapewa dawa hivyo hivyo "kwa tahadhari". Halafu presha. Halafu majirani wakaanza kusema ana kitu, kile cha alfajiri alfajiri si cha hospitali, na mimi siwalaumu kwa sababu ukimuona mtu anaongea na ukuta saa kumi na moja asubuhi na saa mbili anacheka na wateja kama hakuna kilichotokea, utafikiria nini. Halafu akapata degedege moja mbaya sana nyumbani, tukampeleka kituo kimoja ambacho jina nitaliacha, wakasema kifafa, wakampa vidonge akavinywa miezi minane. Hakuna aliyempima sukari wakati ana ile hali. Walimpima, ndiyo, lakini mchana, ameshakunywa chai na kula maandazi matatu, ikatoka nzuri tu.

Na alikuwa ananenepa. Alikuwa amejigundulia mwenyewe kwamba akila hali inatulia, basi akawa anakula kila saa, usiku anaamka anakula wali wa kiporo, mfukoni mwa gauni kuna kashata. Watu wakawa wanamsifia, mamdogo umependeza, biashara imekubali. Ule unene ulikuwa dalili na sisi tunaupongeza.

Halafu ikaja Ramadhani.

Tisa la mfungo, saa kumi na moja jioni, binti yake akanipigia analia. Nilifika nikamkuta chini kwenye zulia, macho wazi, hanijui. Tukamtia kwenye bajaji, foleni ya Mandela, mnaijua. Pale mapokezi tulipokelewa na daktari kijana sana, wale wa mwaka wa mazoezi, nikakata tamaa kwa kweli, na huyo kijana ndiye aliyeokoa maisha ya mamdogo. Kabla hajauliza chochote kamtoboa kidole akaweka tone kwenye glukomita. Ikasoma 1.9, milimoli kwa lita. Kawaida mtu aliyefunga kutwa nzima bila kisukari wala dawa haishuki huko, mwili una akiba zake ini linaachia sukari kidogo kidogo, ndo maana mamilioni wanafunga na wanaenda kazini. Halafu akafanya kitu ambacho sikukielewa siku ile na sa hivi nakielewa sana, kabla ya kusukuma glukozi akavuta damu kwanza akajaza chupa mbili, akamwambia nesi zipelekwe maabara sasa hivi, zisikae hapa kwenye joto. Ndo akasukuma glukozi kwenye mshipa. Mamdogo akarudi kama mtu aliyewashiwa taa. Akasema, "Adhana bado?"

Yule daktari akaniambia, kaka, huyu mama ana vitu vitatu kwa pamoja, dalili za sukari kushuka, sukari yenyewe imepimwa wakati wa dalili na iko chini kweli, na ametulia baada ya kupewa sukari, vikikutana hivyo vitatu hatuwezi kusema kifafa tukaishia hapo. Nilikuja kujua baadaye hivyo vitatu vina jina, utatu wa Whipple, wa daktari mpasuaji Allen Whipple wa New York miaka ya 1930, na aliviweka kwa sababu wapasuaji wa wakati ule walikuwa wanafungua matumbo ya watu waliokuwa na kizunguzungu tu na kukuta hakuna kitu. Glukomita peke yake pia haitoshi maana huko chini huwa inakosea, ndo maana ya zile chupa za maabara. Ya maabara ilitoka 2.0.

Swali lililofuata lilinichoma. Nyumbani kuna mtu mwenye kisukari? Yupo, mama mkwe wake mamdogo, bibi wa miaka 78, wanaishi nyumba moja, anatumia glibenklamidi. Daktari akasema nenda kalete mfuko wote wa dawa, wote, hata zile zisizo na karatasi. Kwa sababu vile vidonge vinalazimisha kongosho kutoa insulini, na mtu asiye na kisukari akivimeza kwa bahati mbaya, kafikiri ni panadoli, ataanguka hivi hivi na vipimo vitafanana karibu kila kitu na vya mtu mwenye uvimbe. Tulimwaga mfuko kwenye meza, tukahesabu vidonge na tarehe za kununua. Vilikuwa kamili. Walikuja kupima na mkojo na damu kutafuta hiyo dawa, haikuwepo. Nasema hili kwa sababu kwenye nyumba zetu dawa za wazee ziko juu ya friji kwenye mfuko wa rambo na kila mtu anapitisha mkono.

Sasa nieleze kidogo hiki kiungo maana wengi tunakisikia siku ya msiba tu. Kongosho liko nyuma ya tumbo la chakula, limelala kwa upana, kichwa kimekumbatiwa na utumbo mdogo na mkia unagusa bandama. Sehemu kubwa ya kongosho kazi yake ni kutengeneza maji ya kusagia chakula yanayopita kwenye mirija kwenda kwenye utumbo. Lakini ndani yake kuna vichuguu vidogo vidogo vya seli, kama milioni moja hivi, ambavyo havina mrija, vinamwaga vitu vyao moja kwa moja kwenye damu. Kijana mmoja mwanafunzi wa udaktari Berlin, Paul Langerhans, ndiye aliyeviona mwaka 1869 na hakujua kazi yake. Baadaye vikaitwa visiwa vya Langerhans, na jina insulini lenyewe limetoka kwenye neno la Kilatini la kisiwa. Mimi mtu wa pwani hilo lilinikaa kichwani, bahari ya kongosho na visiwa vyake, kila kisiwa kina wakazi tofauti, wengine wanatoa insulini ya kushusha sukari, wengine glukagoni ya kuipandisha, wengine somatostatini ya kuwatuliza wenzao.

Watu wanaposema kansa ya kongosho, mara nyingi sana, kama kesi tisa kati ya kumi, wanaongelea ile inayoanzia kwenye mirija. Hiyo ni mbaya, sitamdanganya mtu. Lakini uvimbe unaoanzia kwa seli za visiwani ni ugonjwa mwingine, unaitwa uvimbe wa nyuroendokrini, una tabia nyingine, dawa nyingine, na miaka mingine ya kuishi. Vyote viwili vimekaa kiungo kimoja na vikitangazwa kwenye habari vinaitwa jina moja. Steve Jobs alipofariki 2011 na Aretha Franklin 2018, vichwa vya habari viliandika kansa ya kongosho, na wote wawili walikuwa na huu wa nyuroendokrini. Jobs aliishi miaka minane tangu agundulike.

Turudi wodini. Walimlaza mamdogo kumfungisha kwa makusudi, safari hii chini ya macho ya manesi, maji tu, mpaka saa 72 kama itabidi. Mimi nilibishana, nikasema mtu ameponea chupuchupu kwa mfungo mnamfungisha tena? Daktari bingwa akanielewesha kwa upole kabisa kwamba wengi wenye uvimbe huu hawafiki hata saa 48, sukari inashuka mapema, na wanachotaka ni kuvuta damu palepale iliposhuka, wapime sukari, insulini, C-peptidi na proinsulini, yaani insulini kabla haijakatwa, kutoka kwenye damu hiyo hiyo moja. Kwa sababu sukari ikiwa chini ya 3 seli zote za insulini zinatakiwa zinyamaze, insulini iwe karibu hakuna. Ikikutwa bado inamwagika, kuna mtu hasikii amri. C-peptidi yenyewe ni kipande kinachokatwa kongosho linapotengeneza insulini, kwa hiyo kama mtu kajichoma sindano ya insulini kutoka duka la dawa, insulini itakuwa juu na C-peptidi itakuwa chini, na kama zote ziko juu basi imetoka mwilini mwake mwenyewe. Nilikuwa nimekaa pembeni ya kitanda na daftari. Saa ya 17 akaanza kukunja ncha ya shuka na kuikunjua, anakunja anakunjua, nikamuuliza mamdogo leo siku gani, akasema "bei ile ile." Sukari 2.1. Wakavuta damu, wakampa glukozi.

Majibu yalichukua siku nyingi maana baadhi ya vipimo sampuli ilisafirishwa. Insulini 14, na kwa sukari ile hata 3 ilikuwa nyingi. C-peptidi juu. Kwa hiyo kabla hata ya picha yoyote walikuwa wanajua kuna insulinoma mahali, jina ambalo linapewa uvimbe wa visiwani unaomwaga insulini. Naomba mshike huo mpangilio, damu kwanza ndo picha. Kwa sababu picha ya kwanza tuliyopiga, CT skani, ilitoka safi! Kama tungeanza na picha tungerudishwa nyumbani na vidonge vya kifafa. Insulinoma nyingi hazifiki hata sentimita mbili, na zinang'aa kwa muda mfupi tu pale dawa ya mishipa inapopita kwenye ateri, ukipiga picha mapema au ukachelewa, uvimbe unafanana na kongosho lenyewe. Wakarudia kwa kupanga muda vizuri, ateri kwanza halafu veni, ikaonekana tonge inayong'aa kwenye mkia wa kongosho, sentimita 1.5. Kuna njia nyingine ya kuingiza kamera yenye ultrasaundi mdomoni mpaka tumboni, inaona vidogo sana na inaweza kuchukua nyama kwa sindano, sisi haikuhitajika.

Ripoti ya ile skani niliipiga picha nikaituma kwenye grupu la familia la WhatsApp. Nilikosea na najuta mpaka leo. Mwishoni ilisema uvimbe kwenye mkia wa kongosho, uwezekano wa saratani hauwezi kuondolewa. Ndani ya saa moja mjomba wa Lindi anauliza tunamzika Dar au kijijini. Mama yangu, yaani dada yake, akalala chini. Mtu akatuma habari kwamba kansa ya kongosho inaua ndani ya miezi sita. Mamdogo mwenyewe alikuwemo kwenye grupu. Alisoma zote. Jioni nilipoenda kumuona akaniambia, "Mwanangu, lile sufuria kubwa la vitumbua mpe binti yangu, asigawiwe mtu mwingine." Hakuna kitu kimewahi kuniumiza hivyo.

Hapo ndipo nikaanza kusoma usiku na mchana, na nikamng'ang'ania bingwa wetu kwa maswali mpaka akanipa kiti. Alichonifundisha ndo hiki nataka kila familia yenye neno kongosho kwenye karatasi ikijue. Kuna maswali matatu tofauti na watu wanayachanganya. La kwanza, je uvimbe unatoa homoni inayoleta dalili au la. La pili, gredi, seli zake zinakua kwa kasi gani. La tatu, steji, umefika wapi. Uvimbe unaweza kuwa gredi ya chini na umeshafika kwenye ini, na mtu huyo akaishi miaka mingi. Unaweza kuwa mdogo na gredi yake ni kali. Ukiambiwa jibu moja usidhani umeambiwa yote.

Kwenye hilo la homoni, mamdogo ni upande wa wanaotoa insulini. Wapo wanaotoa gastrini, tumbo linajaa asidi, vidonda haviponi na kuharisha juu, Zollinger na Ellison walieleza hao mwaka 1955. Wapo wa glukagoni wanaopata upele unaohama na sukari kupanda, wapo wanaoharisha maji matupu lita na lita mpaka potasiamu inaisha. Lakini wengi zaidi hawatoi dalili yoyote ya homoni, uvimbe unakua kimya mpaka unabana mirija ya nyongo au unaonekana kwa bahati mtu kapigwa skani kwa ajali ya bodaboda. Na jina linafuata dalili. Uvimbe ukipakwa rangi maabara ukaonekana una insulini ndani lakini mgonjwa hajawahi kushuka sukari, hauitwi insulinoma.

Kuna kipimo cha damu cha kutafuta vivimbe hivi kinaitwa kromogranini A ambacho watu wanakiomba sana wakisoma mtandaoni. Angalieni, omeprazoli, ile dawa ya kupunguza asidi tumboni, inakipandisha. Na hapa mjini nani hatumii omeprazoli? Kila duka la dawa, kila mkoba wa mama. Figo zikiwa dhaifu nazo zinakipandisha. Gastrini pia inapanda kwa omeprazoli. Kwa hiyo mwambie daktari unatumia nini, lakini usiiache mwenyewe ghafla, kama kweli ni ule uvimbe wa gastrini kuiacha bila mpango kunaweza kutoboa tumbo.

Walituuliza pia kama kuna ndugu mwenye mawe ya figo, mwenye uvimbe wa shingoni au kichwani, wakapima kalsiamu. Nikashangaa kalsiamu inahusu nini. Kuna hitilafu ya kurithi, MEN1, inaotesha uvimbe kwenye kongosho, tezi za kalsiamu shingoni na tezi ya pituitari kichwani, na kama kumi kwa mia wa wenye vivimbe hivi vya kongosho wanayo. Ukiwa nayo uvimbe huwa zaidi ya mmoja na watoto inabidi wachunguzwe. Kwetu kalsiamu ilikuwa sawa, mmoja tu peke yake.

Upasuaji ulienda vizuri, waliumenya ule uvimbe peke yake kama unavyotoa mbegu ya embe bila kuharibu nyama, kongosho likabaki. Sukari ilipanda mezani palepale. Asubuhi yake alinywa uji bila sukari na akakaa mpaka mchana anaongea sawasawa, tulikuwa tumesahau sauti yake ya asubuhi ikoje.

Wiki tatu baadaye ripoti ya patholojia. Mstari mmoja: uvimbe wa nyuroendokrini wa kongosho, umetolewa wote. Familia wakashangilia. Mimi nikatafuta gredi, hakuna, wala Ki-67, ile rangi ya kuonyesha seli zinazojiandaa kugawanyika. Nikarudi dirishani, dada wa mapokezi akasema ripoti ndo hiyo imeshakamilika. Nikasema samahani dada yangu, Ki-67 haipo. Akaniangalia kama vile nimetaja namba ya basi. Sikuondoka. Nilirudi siku tatu mfululizo, na siku ya tatu daktari mwenyewe wa patholojia alitoka, mama mtu mzima na miwani imening'inia kifuani, nikampa shikamoo, akaniuliza nani kakufundisha hilo neno. Nikamwambia. Akasema dawa ya hiyo rangi ilikuwa imeisha, imeagizwa, bloku lipo, halijapotea, rudi baada ya wiki mbili, na ukija uliza jina langu.

Bloku ni kipande cha nyama ya mgonjwa kilichogandishwa ndani ya nta, kama kipande cha sabuni hivi, kina namba ubavuni. Kinakaa miaka na miaka, na anayetaka kupima tena anakata ukoko mwembamba kutoka hapo.

Niliporudi aliniita ndani. Hadubini yake ina macho ya watu wawili. Akaniwekea kioo cha kwanza, seli zimejipanga kwa mistari na mafungu, zinafanana, mviringo mviringo, akasema ona utulivu huo, hizi bado zinakumbuka zilikotoka, ndo tunasema zimejitofautisha vizuri. Kioo cha pili kimepakwa rangi ya kuonyesha protini ya sinaptofisini na cha tatu ya kromogranini, vyote kahawia, hiyo ndo kitambulisho cha nyuroendokrini. Cha nne ndo Ki-67, protini inayoonekana kwenye kiini cha seli inayojiandaa kugawanyika. Jina lenyewe limetoka mji wa Kiel Ujerumani, walikoigundua miaka ya mwanzo ya 1980, na 67 ni namba ya kishimo kwenye sahani ya maabara yenye vishimo 96. Uwanja wote ulikuwa wa bluu hafifu, na hapa na pale doa moja la kahawia, kama karafuu zimeanguka kwenye pilau.

Halafu akatoa karatasi. Alikuwa amepiga picha ile sehemu yenye madoa mengi kuliko zote, maana sheria ni kuhesabu pale palipochemka, akaichapa, akahesabu kwa kalamu seli moja moja, mkato kwa kila bluu na duara kwa kila kahawia. Zisipungue 500. Nikamuuliza kwa nini usikadirie tu kwa macho. Akasema mpaka wa gredi ya kwanza na ya pili ni asilimia 3. Kwenye seli 500 hiyo ni seli 15. Ukiona 14 ni gredi ya kwanza, 15 ni ya pili, sasa niambie nani ana macho ya kukadiria seli moja. Nilinyamaza. Nilihesabu yale maduara kwenye karatasi, yalikuwa sita. Asilimia 1.2. Na zilizokamatwa zikiwa katikati ya kugawanyika, ndani ya milimita mraba 2, moja. Gredi ya kwanza.

Akanichorea na zilizobaki pembeni ya ile karatasi. Chini ya 3 gredi ya kwanza, 3 mpaka 20 ya pili, zaidi ya 20 ya tatu. Kwenye hiyo ya tatu akasimama, akasema hapa ndipo sisi wenyewe tulikuwa tunakosea. Mpaka 2017 kila kilichozidi 20 kiliwekwa kapu moja kikaitwa kansa kali na kupewa dawa kali za aina moja. Mwaka huo Shirika la Afya Duniani wakagawa kapu kwa upande wa kongosho, na 2019 kwa utumbo na viungo vingine vya chakula, kwa sababu kuna uvimbe unaokua haraka lakini seli zake bado zina sura ya visiwani, huo ni wa gredi ya tatu na hausikii sana zile dawa kali, na kuna ambazo sura imepotea kabisa, hiyo ni kansinoma ya nyuroendokrini, ugonjwa tofauti hata kwenye jeni zake. Namba inaweza kuwa moja, 40 na 40, na wagonjwa wawili wakahitaji matibabu tofauti. Kwa hiyo namba peke yake bila sura ya seli nayo haitoshi.

Nikakumbuka kitu nilichosoma. Mwaka 1927 Marekani, madaktari wa kliniki ya akina Mayo waliandika habari za mgonjwa waliyemfungua, naye alikuwa daktari, anaanguka kwa sukari kama mamdogo, wakakuta uvimbe wa visiwani umeshajaa kwenye ini, akafariki. Miaka miwili baadaye Toronto, Roscoe Graham akamfungua mwingine mwenye dalili zile zile, uvimbe mmoja mdogo, akautoa, mgonjwa akapona. Dalili moja, homoni moja, mwisho tofauti kabisa. Nilimweleza yule mama wa patholojia, akavaa miwani akaniangalia vizuri, akasema ndiyo, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na Ki-67.

Mamdogo amerudi Buguruni. Anafuatiliwa, kwa sababu siku hizi hata wa gredi ya kwanza hawaitwi salama moja kwa moja, wanaitwa wa kasi ndogo, na mtu anaangaliwa. Ripoti ya pili nimeiweka kwenye bahasha ya kaki kabatini, na namba ya bloku nimeiandika kwenye simu yangu, ya binti yake na ya mama.

Wiki iliyopita jirani yangu wa Tabata, fundi friji, kanipigia usiku, baba yake kaonekana na uvimbe kwenye kongosho na madoa kwenye ini, wameambiwa hakuna la kufanya, warudi naye Tanga. Nikamuuliza wamechukua nyama? Hapana, skani tu. Nikamwambia inawezekana kabisa ni ile mbaya ya mirija, sitakutia moyo wa uongo, ila hakuna anayeweza kujua kwa skani peke yake, muombe daktari achukue nyama kwenye ini kwa sindano, na ikienda patholojia waandike ni aina gani, kama ni nyuroendokrini waandike gredi na Ki-67. Kwa sababu kama ni hiyo, hata ikiwa kwenye ini kuna sindano za mwezi kwa mwezi za kundi la somatostatini, kuna vidonge, na kuna skani za galiamu 68 zinazowasha madoa yote mwilini yenye vipokeo vya hiyo homoni, na yakiwaka kuna matibabu ya mionzi yanayofuata njia ile ile, Marekani waliyaidhinisha 2018. Gharama ni kubwa, mengine ni ya kusafiri, nilimwambia hilo pia. Mpaka nyama itoke huwezi hata kuanza kuuliza bei.

Jumatatu walimchukua. Jana kanitumia picha ya karatasi ya maabara, majibu ya awali: sinaptofisini imeshika, kromogranini imeshika, seli zimejitofautisha vizuri. Pembeni ya Ki-67 wameandika kwa kalamu, inasubiriwa. Nimempigia mzee mwenyewe asubuhi hii, yuko Tabata bado, hajapanda basi.